Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu, maneno matano tu. Nisubiri au niende wapi?

MamaJ_Kimara: Wakuu habarini za jioni. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, leo naomba ushauri maana usingizi umenikimbia.

Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3. Maneno yake nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: mama, dada, pipi, nyau, na "tii" ambayo kwake ni gari. Akitaka maji hasemi. Ananishika kidole, ananivuta mpaka jikoni, anauweka mkono wangu juu ya mfuniko wa ndoo, halafu ananitazama usoni. Nikimwambia "sema maji", anafungua mdomo, hakitoki kitu, machozi yanaanza kumlengalenga.

Alizaliwa wiki ya 33 akiwa na kilo 1.7. Alipata manjano akawekwa kwenye taa siku nne, na akachomwa sindano za antibayotiki wiki nzima. Tangu mwaka jana kila akishikwa na mafua sikio la kulia linatoa usaha. Tunaweka dawa ya matone, linakauka, linarudi. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa moja usiku, anabaki na dada, na katuni zinawaka kutwa. Bibi yake anamwongelesha Kihaya, sisi Kiswahili, hizo katuni ni za Kiingereza.

Mama mkwe anasema ulimi umeshikwa chini, ukatwe, na mkataji ameshapatikana. Shemeji anasema mume wangu mwenyewe alichelewa kuongea, hivyo ni ukoo, tutulie. Kliniki wanampima uzito tu, hakuna aliyewahi kuniuliza kama anaongea. Nimedondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake, akashtuka, kwa hiyo naamini anasikia. Nifanyeje?

MamaPacha: Pole mpenzi. Kurwa wangu alianza kuongea ana miaka mitatu na nusu, leo yuko darasa la tatu na hanyamazi. Mwombe Mungu, muda wake utafika.

NesiWaZamu: MamaPacha, nafurahi kwa ajili ya Kurwa, lakini tusimwambie huyu mama asubiri. Nimefanya kazi wodi ya watoto njiti na nimesoma maelezo yake mara mbili.

Dada, mtoto wa miaka miwili tunategemea awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "nataka uji". Wako yuko mbali na hapo, na ana mambo kadhaa yaliyorundikana: kuzaliwa kabla ya wiki 37, uzito chini ya kilo 2.5, manjano, sikio, na ni mtoto wa kiume, maana wao huchelewa zaidi kuliko wa kike. Hilo la baba yake kuchelewa ndilo linalonifanya nikuharakishe. Mtoto ambaye kwao kuna waliochelewa ndiye wa kuwahishwa kupimwa, shemeji ameligeuza.

Kitu cha kwanza ni masikio. Manjano yakipanda sana huweza kudhuru mshipa wa kusikia. Sindano ya jenta, ambayo watoto njiti wengi huchomwa wakishukiwa kuwa na maambukizi, inaokoa maisha yao ila kwa wachache hugusa sikio la ndani. Sisemi ndicho kilichotokea, nasema mtoto mwenye historia hii lazima apimwe. Na usiuamini mfuniko wa sufuria. Mtoto anaweza kushtuka kwa kishindo na bado asisikie "s" na "f", au mwisho wa neno ukiongea kawaida. Zima TV, simama nyuma yake, mwite jina kwa sauti ya chini. Hata akigeuka, bado mpeleke. Kuna kipimo wanamfanyia mtoto akiwa amelala, wanambandika vijiwaya kichwani, hahitaji kujibu chochote. Omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili wanacho kitengo hicho, na tangu 2017 wanawawekea hata vipandikizi vya kusikia watoto wasiosikia kabisa.

Ulimi usikatwe! Ulimi ulioshikwa unasumbua kunyonya, na pengine matamshi ya herufi kadhaa. Haumzuii mtoto kuwa na maneno. Nimepokea mtoto aliyekatwa nyumbani kwa wembe, khanga ya mama yake imelowa damu yote. Hapana.

Baba_wa_Ilala: Naongeza moja. Wangu ana usonji, tuligundua akiwa na miaka minne kwa sababu kila mtu alitwambia tusubiri. Je, wako anakuonyesha vitu kwa kidole? Ndege ikipita anakutazama na wewe uione? Ukimwita anageuka? Wangu alikuwa anavuta mkono kama huyo, ila usoni hanitazami, mkono wangu kwake ulikuwa kama chombo cha kufungulia.

MamaJ_Kimara: Anaonyesha sana. Bajaji ikipita anainyooshea kidole na kunigeukia. Kuitwa ndiyo tatizo, mara anageuka mara hageuki. Nilidhani ni kiburi, nimewahi hata kumchapa. Naandika hapa nalia.

MwalimuWaAwali: Usijiadhibu mama, hukujua. Bibi aendelee na Kihaya chake. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, Bukoba nzima imekulia hivyo. Ukihesabu maneno, hesabu ya lugha zote.

Katuni ndizo za kuzima. WHO walisema 2019: chini ya miaka miwili asikae mbele ya TV, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. TV haimsubiri mtoto ajibu. Kaa na dada wa kazi umweleze kwa upole, yeye ndiye anayeshinda naye. Akiosha vyombo aseme: "kikombe, tunaosha kikombe, kikombe kimetakata." Kisha anyamaze kidogo, ampe mtoto nafasi. Na msimlazimishe "sema maji" ndipo apewe. Mpe, huku ukisema "maji, maji baridi."

MamaJ_Kimara: Mrejesho, wiki tatu baadaye. Tumepimwa. Sikio la ndani ni zima pande zote mbili. Ngoma ya kulia imetoboka, na nyuma ya ngoma ya kushoto kumejaa majimaji, hivyo sauti ndogo hazimfikii. Tumepewa dawa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Majimaji yasipokauka watamwekea kijibomba kidogo. Tumeandikiwa pia mtaalamu wa tiba ya matamshi. Mama mkwe alikuwepo daktari akieleza, mkataji ameshaambiwa asije.

Sasa naongea naye nimechuchumaa, uso kwa uso, na TV imefunikwa kitenge. Swali langu: daktari amekataza maji kuingia sikio la kulia. Mnamwogeshaje?

NesiWaZamu: Chukua pamba, ipake mafuta ya mgando mpaka ilowe, izibe nje ya tundu, usiisukume ndani. Kichwa kioshe mwisho, kwa kitambaa. Ukimaliza itoe na uitupe.