header() inakubali kwenye laptopu, kwenye seva inagoma

Mleta uzi:
Wakuu, naombeni msaada. Nimeandika mfumo wa PHP wa kusajili wanachama wa kikoba cha mama mdogo. Mtu akijaza fomu, header() impeleke asante.php. Kwenye XAMPP (seva ya majaribio ndani ya laptopu) inakubali. Nimepandisha seva ya kulipia, code ileile, naletewa hii:

`Cannot modify header information - headers already sent by (output started at .../config.php:1)`

Siku ya pili sijalala vizuri. Akina mama wanaanza kujisajili Jumamosi.

Mchangiaji 1:
Weka ob_start() juu kabisa, ishikilie kwanza kila kinachotoka, yataisha.

Mchangiaji 2:
Hapo atakuwa amelifunika tu. Mkuu, kosa limekutajia faili na mstari. Heda (maelezo ya seva kwa brauza, kama amri ya kuhamia ukurasa mwingine) hutangulia, mwili wa ukurasa hufuata. Ikishatoka hata nafasi tupu moja, heda zimeshaondoka, huongezi nyingine. Kwenye XAMPP hukuliona kwa sababu php.ini yake (faili la mipangilio ya PHP) ina output_buffering=4096, kwa hiyo baiti za mwanzo zinashikiliwa kwanza. Kwenye seva yako inaelekea imezimwa. Kuna nini kabla ya `<?php` ndani ya config.php?

Mleta uzi:
Hakuna kitu, nimeangalia mara tatu. Faili hilo niliandika kwa Notepad, Windows 7.

Mchangiaji 2:
Basi ndiyo hiyo. Notepad ya zamani ukihifadhi kwa UTF-8 inabandika BOM mwanzoni, alama ya kuonyesha aina ya usimbaji: baiti 3, EF BB BF. Kwa macho huzioni, ila PHP inazituma kama maandishi mengine. Fungua kwa VS Code, bofya "UTF-8 with BOM" chini kulia, hifadhi upya kwa UTF-8 tupu. Na `?>` ya mwisho kwenye config.php ifute, haihitajiki.

Mchangiaji 3:
Naongezea, na hili usilipuuze: baada ya header('Location: ...') weka exit. header() haisimamishi skripti. Kama ukurasa wa orodha unamrudisha asiyelogin bila exit, brauza inahama, lakini seva inaendelea kumwaga majina na namba za simu chini yake. Mwenye curl (programu ya kuvuta kurasa bila brauza) anazisoma zote.

Mleta uzi:
BOM imetoka, asante.php inafunguka. Mungu awabariki. Nimejaribu orodha.php kwa curl bila kulogin: majina yangu ya majaribio yametoka yote, na namba zake. Nimeweka exit kwenye kurasa zote tatu, nimerudia, sasa inarudi heda ya 302 (ya kuhamisha) peke yake.