Sabuni ya nazi inachoma ulimi, mshumaa unatatarika: nimekosea wapi?

Mwanashela (Lamu)

Assalamu alaykum. Naomba msaada kwa wenye ujuzi, Maulidi yanakaribia na nataka kuweka sabuni na mishumaa dukani.

Sabuni: nusu lita ya mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe kwa tui, nusu lita ya alizeti, kostiki soda gramu 160, maji ya kisima vikombe viwili vya chai. Nilikoroga kwa mwiko kama dakika 40, nikatia asumini mbichi, nikamimina. Sasa ina wiki tatu. Ni ngumu, kingo zinamomonyoka, juu ina unga mweupe, ndani ina michirizi ya kijivu. Ukigusisha ulimi inapiga kama betri. Asumini imekuwa kahawia, harufu hakuna.

Mshumaa: nta ya parafini kwenye bilauri, marashi vijiko viwili, utambi wa uzi wa pamba. Unachimba shimo katikati, nta inabaki ukutani, na unatatarika muda wote.

MwenyeMizani

Wa alaykumu ssalaam, Bi Mwanashela. Kosa la kwanza liko kwenye neno "nusu lita". Sabuni haipimwi kwa lita wala kikombe, hupimwa kwa gramu, kila kitu, hata maji. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920. Kwa hiyo ulikuwa na gramu 460 za nazi na 460 za alizeti.

Kila aina ya mafuta hula kostiki kwa kiasi chake. Gramu moja ya nazi hula gramu 0.183, alizeti 0.135, mawese 0.142, nyonyo 0.128. Piga hesabu: 460 × 0.183 = 84.2, na 460 × 0.135 = 62.1. Jumla 146.3, na hapo hakuna hata tone la mafuta linalobaki kulainisha ngozi. Desturi ni kupunguza kostiki kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, yaani gramu 139. Wewe umetia 160. Zile zilizozidi hazina mafuta ya kula, ndizo zinazokupiga ulimi.

Halafu kuna hayo mafuta ya kupika nyumbani. Kama hayakuchemka mpaka mapovu yakaisha kabisa na chicha zikatulia chini, yana maji ndani, na mizani itayahesabu maji kuwa mafuta. Yarudishe motoni kwa moto mdogo mpaka yanyamaze, chuja kwa kitambaa kikavu, ndipo upime.

Kuokoa uliyonayo inawezekana. Vaa glavu, paruza sabuni yote, tia kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu pamoja na gramu 120 za mafuta ya nazi na maji kama gramu 100. Funika, moto mdogo kabisa, geuza kila baada ya dakika kumi. Itapita hatua ya kuonekana kama imekatika, usiogope. Ikishakuwa kama bokoboko, laini na inayovutika, chukua punje, ipoe, gusisha ulimi. Ikipiga, endelea. Ikitulia, ishindilie kwenye kalibu. Haitakuwa na sura ya kuuzwa kwa wageni, lakini itaogeka.

Unga mweupe wa juu ni kitu kingine. Ni kostiki iliyokutana na hewa kabla haijamalizana na mafuta. Haina madhara, ikwangue kwa kisu. Mara nyingine funika kalibu kwa karatasi ya nailoni kwa saa 24 na upunguze maji: gramu mbili za maji kwa kila gramu ya kostiki zatosha.

BintiJabia

Nimuunge mkono MwenyeMizani, ila hakugusa maji. Maji ya visima vya mji yana chumvi na chokaa, na chokaa hiyo huishika sabuni ikafanya utando. Tumia maji ya mvua. Mie siyapendi ya jabia (birika la kujengwa la kuwekea maji) iliyopigwa chokaa karibuni, bora uyakinge kwenye ndoo moja kwa moja kutoka paani mvua ikishaosha vumbi. Ukienda kununua maji yaliyotoneshwa kwenye duka la vipuri, soma chupa mara mbili: "maji ya betri" huitwa hivyo vitu viwili, maji safi ya kuongezea, na asidi yenyewe. Asidi ikikutana na kostiki itakurukia usoni.

Kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki. Fanyia uani, ujue upepo unatoka wapi, usimame upande huo ili mvuke uende mbele yako. Miwani na glavu. Ikikugusa, maji mengi ya bomba, siki haina kazi hapo. Maji hayo hupanda joto kupita nyuzi 80. Kwa joto letu hayapoi upesi, weka chombo ndani ya beseni la maji mpaka yashuke kwenye 38 hivi.

Kipimo kinachotoa sabuni ngumu yenye povu, kwa kilo moja ya mafuta: nazi 400, mawese 300, alizeti 250, nyonyo 50. Kostiki 148, maji 296. Tumia blenda ya mkono: piga sekunde chache, zima ukoroge nayo, piga tena. Ukiinua na ule uji unaodondoka ukaacha mstari juu kabla ya kuzama, imeshika. Kwa mwiko peke yake watu huchoka na kumimina kabla ya wakati, mafuta yakajitenga. Kata kesho yake, panga vipande visigusane, viache wiki nne mpaka sita. Alizeti usiizidishe, huchacha na kutoa madoa ya rangi ya machungwa.

Na asumini… haiwezi. Ua bichi likiingia kwenye kostiki linaungua, hudhurungi ndiyo rangi ya kilichobaki. Hata mafuta uliyoloweka asumini hayatafikisha harufu upande wa pili. Iache kwenye kikuba na mafuta ya nywele. Kwenye sabuni tumia mafuta ya langilangi gramu 30 kwa kilo ya mafuta, au ya mchaichai gramu 20, yanadumu. Ya karafuu yana tabia mbaya: hugandisha uji ukiwa ungali kwenye chombo, na hukereketa ngozi. Yasizidi gramu 5, yatie mwisho kabisa, na kalibu iwe tayari mkononi.

FundiNta (Malindi)

Mishumaa niachieni mimi.

Kutatarika ni maji. Marashi tunayonyunyiza harusini ni maji ya waridi, na maji hayachanganyiki na nta, hukaa humo kwa matone na moto ukiyafikia yanapasuka. Manukato ya chupa ya kujipulizia ni hatari zaidi, yale ni spiriti, yanaweza kulipuka moto bilaurini. Tafuta manukato ya mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Udi wa vipande na majani makavu usitie ndani: huziba utambi, au hushika moto vyenyewe.

Kwa bilauri: parafini ya kuyeyuka kwenye nyuzi 58 hadi 60, gramu 800, nta ya nyuki 200. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64, ndiyo inayozuia mshumaa kulegea wakati wa kaskazi. Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, usiweke moja kwa moja juu ya jiko. Ikifika 80 toa motoni, tia manukato gramu 60, koroga taratibu dakika mbili nzima. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, harufu ikazama chini. Mimina kwenye 70 hivi. Parafini hunywea ikipoa na kuacha bonde kando ya utambi, kwa hiyo bakisha kidogo, toboa kwa kijiti, ujazie mara ya pili. Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko. Maji yatautawanya.

Shimo la katikati ni utambi mwembamba. Uzi wa kushonea haufai. Suka nyuzi tatu za pamba, zichovye kwenye nta ya nyuki, zivute zinyooke, zipoe. Bilauri ya sentimita 7 ikiwaka saa tatu, dimbwi liwe limefika ukutani. Halijafika, ongeza unene. Moshi mweusi ukitoka, punguza unene, na kabla ya kuwasha ukate ubaki milimita 5. Jaribu chumbani. Barazani kusi itaulaza moto upande mmoja, na utamsingizia utambi.

Mwanashela

Shukrani sana nyote. Nimenunua mizani. Maswali mawili. Wageni wanataka sabuni itakayotoa povu kwa maji ya chumvi, ipo? Na ile michirizi ya kijivu hakuna aliyeisema. Nilichanganyia kwenye sufuria ya kawaida, hizi za kupikia wali.

BintiJabia

Ya maji ya chumvi ipo, ni ya nazi. Nazi 450, nyonyo 50, kostiki 73, maji 150. Hapo mafuta ya ziada yanakaribia asilimia 18, kwa sababu nazi tupu hukausha ngozi. Ukitaka iwe sabuni ya chumvi, ikishashika tia chumvi laini gramu 250. Itie kwenye vikalibu vidogo vya kipande kimoja kimoja, maana ukingoja kesho kuikata itavunjika kama jiwe la matumbawe. Iache miezi miwili.

MwenyeMizani

Sufuria ya wali ni alumini! Basi zile gramu 120 nilizokupa zifute. Kostiki hula alumini na kutoa hewa inayowaka, na iliyoliwa hivyo hatuijui kiasi, kwa hiyo hesabu yangu haina msingi tena. Kijivu hicho ni sufuria yako iliyomo ndani ya sabuni. Usiiyeyushe upya. Isugulie sakafu kwa glavu, na sufuria hiyo usiipikie. Ya kuchanganyia iwe chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki ngumu yenye namba 5 kwenye kitako.