Milioni 1.2, shughuli za sebuleni: kamera gani, lenzi gani?

mpigapicha_mpya

Habari za muda huu wakuu. Nataka kuanza kupiga picha za shughuli ndogondogo: kipaimara, besidei, sendoff za nyumbani, na picha za mtu mmojammoja ufukweni jioni. Nipo Tanga. Mtaji ni milioni 1 na laki 2, humohumo zitoke kamera, lenzi, kadi na betri ya akiba.

Kariakoo nimeonyeshwa mbili: Canon 4000D mpya ndani ya boksi ikiwa na lenzi ya 18-55, na Canon 700D ya mtumba yenye 18-55 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi ya lenzi za Canon). Muuzaji ananivuta kwenye mpya kwa sababu ya waranti. Jamaa mwingine anasema bila 50mm sitapata picha za maana. Kazi nyingi zitakuwa sebuleni, usiku. Flashi sina. Nianzie wapi?

kioo_na_mwanga

Mkuu, anzia kwenye sebule yenyewe. Chukua futi kamba uipime, maana ndiyo itakayokuchagulia lenzi.

Kamera zote mbili ulizotaja zina sensa ndogo ya APS-C, kwa hiyo 50mm inabana kama 80mm ya fulu fremu (kamera za sensa kubwa). Kamera ukiiweka wima ili mtu aliyesimama aingie mzima na nafasi kidogo juu na chini, tuseme urefu wa mita 2, inabidi urudi nyuma mita 4 na nusu. Toa makochi, toa meza ya keki, toa wageni: sebule ngapi zinakuachia hizo mita? 24mm inataka mita 2 na kidogo. 18-55 ikiwa kwenye 18 inaridhika na mita 1 na sentimita 60. Ndiyo maana anayeingia ndani na 50mm peke yake hurudi na nyuso na mikono tu, na picha ya familia nzima hana.

Jamaa yako hajakosea kuhusu mwanga lakini. 18-55 ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 basi (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). 50mm inafunguka f/1.8, na hapo mwanga unaoingia ni karibu mara 10. Palepale unapolazimika kwenda ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400 na picha kujaa chenga, 50mm inakuweka kwenye 640 hivi. Gharama yake ni fokasi: kwa f/1.8 ukiwa mita 1 na nusu kutoka kwa mtu, eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu. Jicho la mwali likiwa kali, shangazi aliyesimama nyuma ya bega lake amekwisha. Watu wawili au watatu, funga hadi f/4 na uwapange mstari mmoja.

Mgawanyo wangu: 700D na 18-55 STM, usivuke laki 7. Flashi ya mtumba inayogeuza kichwa, ya manyuo (nguvu unapanga mwenyewe) kama Yongnuo YN560, iwe kabla ya 50mm. Halafu 50mm f/1.8 STM kwa ajili ya ufukweni, ambako mita 4 na nusu zipo tele. Kadi 2 za GB 32 (si moja ya 128, kadi ikifa na sherehe nzima imekufa nayo) na betri ya pili ya LP-E8. Kinachobaki usikiguse mpaka kamera imalize ukaguzi.

Ndani anza hivi: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/125 ya sekunde, f/5.6, ISO 800, flashi nguvu 1/4, kichwa kielekee dari. Picha ikiwa nyeusi ongeza nguvu ya flashi, usikimbilie kupunguza shata. Usivuke 1/200 kwenye 700D, ukivuka utaona mstari mweusi upande mmoja wa picha. Na angalia dari kwanza: wapambaji wakishafunika na vitambaa vya zambarau, mwanga unarudi wa zambarau na wageni wote wanageuka rangi hiyo. Hapo geuzia kichwa kwenye ukuta mweupe ulio pembeni au nyuma yako.

shata_1_4000

Naongezea kuhusu 4000D, maana boksi jipya linadanganya wengi.

Sensa yake ni megapikseli 18 kama ya 700D, kwa hiyo picha yenyewe haikuzidi kitu. Kilichopunguzwa kiko kwenye mwili. Shingo ya kufungia lenzi ni plastiki. Hakuna kigurudumu cha kurekebisha tundu la kuchungulia, anayevaa miwani atateseka. Haina mfumo wa kujikung'uta vumbi kwenye sensa. Pointi za fokasi zipo 9 kote kuwili, ila kwenye 4000D ile ya katikati tu ndiyo ya msalaba (inasoma mistari ya wima na ya mlalo). Kwenye 700D zote 9 ni za msalaba, na gizani unauona utofauti. Picha kwa sekunde ni 3 dhidi ya 5.

Kubwa kwako ni hili: kiatu cha flashi (pale juu ya kamera unapochomeka flashi) cha 4000D hakina kipini cha katikati. Flashi za manyuo alizozitaja mkuu hapo juu zinafyatuliwa na kipini hicho. Utaichomeka, itawaka taa, na haitapiga. Utabaki kununua flashi ya Canon yenyewe, au nyingine iliyothibitishwa kupiga kwenye kamera hiyo, na hiyo inakula bajeti ya 50mm. 2000D nayo ina ugonjwa huohuo, usije ukahamishiwa huko.

Kwa hiyo waranti ni nzuri, lakini unalipia waranti ya kamera ambayo utataka kuiuza mapema.

dada_wa_nikon

Wasikufungie kwa Canon tu. Nikon D3300 na D5300 zina megapikseli 24 na kwenye kivuli zinavumilia kuliko 700D. Tatizo ni lenzi. Bodi (miili ya kamera) za familia za D3000 na D5000 zote hazina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, itapiga picha vizuri lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Lazima iandikwe AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Na zile 18-55 mpya za AF-P zinazogoma kwenye D3200 na D3100 zimeshawalia watu hela. Jaribu lenzi kwenye bodi ileile utakayoondoka nayo.

Halafu mkuu ukishawishiwa Sony, washa menyu kwanza. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi zina Kijapani peke yake na hakuna pa kubadilisha.

mpigapicha_mpya

Shukrani sana wakuu, na dada yangu pia. 4000D nimeiweka kando. Sasa ile 700D yenyewe mbele imeandikwa "Kiss X7i", muuzaji anasema ni ileile. Ni kweli? Na anasema shata kaunti (idadi ya picha ilizokwisha kupiga) ni elfu 8 tu. Nitajuaje?

fundi_wa_lenzi

Ni ileile. Kiss X7i ni jina la Japani, Rebel T5i ni la Marekani, 700D ni la kwingineko. Betri na lenzi ni zilezile. Hakikisha tu menyu inabadilika kwenda Kiingereza.

Kuhusu elfu 8, mwambie akuonyeshe ameitoa wapi. Nikon huandika hesabu ndani ya faili la picha, unaisoma kwa programu. Canon za daraja hili haziandiki kwenye picha, inabidi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na programu maalumu. Namba ya jina la faili, IMG_8012 kwa mfano, si hesabu ya shata: inarudi mwanzo ikifika 9999, na mtu anaweza kuianzisha upya kwenye menyu. Shata ya 700D imekadiriwa picha 100,000, kwa hiyo hata yenye elfu 30 ni kamera nzima. Mimi naangalia zaidi mwili kuliko namba.

Nenda na kadi yako na betri iliyojaa, nenda mchana. Kabla hujawasha, tazama vichwa vya skrubu chini ya kamera. Vikiwa vimekwaruzwa, imeshafunguliwa na mtu. Raba ya kushikia ikiwa imevimba na kubanduka ni dalili ya matumizi mengi ya jua na jasho, hesabu hiyo kwenye bei.

Sensa: weka Av (unapanga tundu, kamera inapanga shata), f/16, ISO 100, fokasi ya mkono, piga ukuta mweupe ukiwa umeiharibu fokasi kabisa. Kuza picha. Madoa meusi yenye ukungu pembezoni ni vumbi, linasafishika. Mstari mkali au mkwaruzo uliotulia palepale kila picha si vumbi, achana nayo. Kisha weka shata 1/4000 upige anga. Picha ikiwa na ukanda mweusi juu au chini, mapazia ya shata yamechoka.

Skrini ya 700D inageuka, na waya wake unapita kwenye bawaba. Washa video, izungushe pole pole pembe zote. Ikimetameta au kuzima kwenye pembe fulani, waya umeanza kukatika.

Lenzi ndiyo watu wanairuka. Itoe, fungua vifuniko vyote viwili, mulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma na uangalie kwa mbele ukiinamisha inamisha. Chembe chache za vumbi hazina neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hasa pembeni mwa kioo, hiyo ni kuvu, na ikishakula rangi ya kioo hata ukisafisha alama inabaki. (Kwa Nikon za G, lenzi ikiwa nje apacha (tundu la mwanga) hujifunga; sukuma kile kiwiko kidogo cha nyuma kwanza, la sivyo huoni kitu.) Halafu irudishe kwenye kamera, piga kwenye 18, 35 na 55, kila mahali mara moja kwa apacha iliyofunguka kabisa na mara moja kwa f/11. Ikikupa Err 01 (kosa la mawasiliano kati ya lenzi na kamera) kwenye f/11 tu, atakwambia futa vituo vya shaba kwa kitambaa. Futa, rudia. Ikirudi, ni utepe wa apacha ndani ya lenzi umekatika, na 18-55 nyingi za zamani zinafia hapo.

Ukiichukua 50mm, laza gazeti mezani, simama upande kama nyuzi 45, f/1.8, pointi ya katikati kwenye mstari mmoja wa maandishi. Piga kwa kuchungulia, kisha kwa skrini. Ikiwa ya skrini ni kali na ya kuchungulia kila mara inaangukia mistari ya nyuma, jaribu 50mm nyingine, kwa sababu 700D haina menyu ya kurekebisha hilo. 70D inayo.

Mwisho, namba iliyo chini ya kamera iandikwe kwenye risiti ya EFD. Duka lisilotaka kuandika namba hiyo, ondoka.

pwani_nuru

Kutoka Mombasa: unyevu wa pwani ndio unaoleta hiyo kuvu, na Tanga mko vilevile kama sisi. Begi la kamera si mahali pa kuhifadhi, ni la kubebea. Nyumbani weka kila kitu kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) gramu 100 au zaidi. Nunua ile ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani imeshiba maji, ikaange kikaangoni moto mdogo mpaka irudi rangi yake. Ukitoka ufukweni pangusa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla hujafungia, na lenzi usibadilishe upepo ukivuma.

Jambo jingine ambalo halijatajwa: taa za LED za kumbi. Umeme wetu ni hezi 50, taa mbovu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga bila flashi kwa 1/320 utapata mistari au picha moja ya njano na inayofuata ya kijivu. Shuka 1/100 au 1/50. Kwa video badilisha mfumo wa video wa kamera kutoka NTSC kwenda PAL, maana za Japani huja na NTSC, upige fremu 25 na shata 1/50. Na ujue 700D inajizima kurekodi ikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa hiyo ibonyeze upya kabla mshereheshaji hajaita keki.