Tupeane uzoefu: uliliona mwenyewe, likakurudia likiwa jingine

Wakuu, salaam.

Mji wetu ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya mtaa wa juu, mtaa wa chini unakupa pole. Wiki iliyopita, alfajiri, niko dirishani namwona jirani wa nyumba ya tatu anapanda ngazi na kujipenyeza dirishani kwake. Mlango ulikuwa umejifunga, funguo ziko ndani. Kaingia, kafungua, karudisha ngazi ya watu. Basi. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Baadaye nikamtajia mtu mmoja tu, tena kwa kucheka.

Jioni niko kwa kinyozi, nasimuliwa: majambazi wanne, ngazi mbili, jirani kafungwa kamba. Nikauliza, nani kaona? "Kuna mtu aliwaona kwa macho yake, alikuwa dirishani." Mtu mwenyewe ni mimi.

Kwenu imekuwaje? Ya kusikia yaacheni, leteni mliyoyaona.

marehemu_mstaafu:
Mimi nilishakufa, mkuu.

Nilisafiri wiki mbili bila kuaga watu wengi. Siku ya tatu gari la wagonjwa likasimama mbele ya geti langu, kwa sababu geti la jirani lilikuwa limezibwa na mchanga wa ujenzi. Aliyebebwa ni jirani, na alirudi siku ileile na bandeji mguuni. Lakini wapita njia waliona gari, wakaona geti, na mimi sionekani. Vitu vitatu vya kweli kabisa. Ukiviunganisha unapata maiti. Aliyesema uongo hayupo, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo.

Niliporudi, kijana mmoja niliyekuwa namdai alinitazama kama mtu aliyeachwa na basi. Dada mmoja alivuka barabara asipishane nami. Rafiki yangu wa miaka mingi ndiye aliyenikalia kooni: "Mbona hukutuambia kwamba ni mzima?"

fundi_baiskeli:
Kwetu ni mgeni. Kitu kikipotea, kachukua mgeni. Kikipatikana uvunguni mwa kitanda, basi mgeni kaogopa, kakirudisha usiku.

karani_wa_maktaba:
Marehemu, pole na hongera. Jambo hili lilishafanyiwa majaribio. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walichapisha matokeo yao mwaka 1947. Mtu anamweleza mwenzake picha ambayo huyo mwenzake haioni, naye anamsimulia wa tatu, wa tatu anamsimulia wa nne. Kufikia mdomo wa tano au wa sita, takriban asilimia 70 ya mambo madogomadogo yameshadondoka, na hapo wala haujapita muda.

Ila fundi baiskeli kanikumbusha picha yao moja ya ndani ya treni. Mzungu kashika wembe, anabishana na mtu mweusi. Katika zaidi ya nusu ya majaribio ya picha hiyo, mahali fulani njiani wembe ulihamia mkononi mwa mtu mweusi. Tangu nijue hilo, nikiletewa habari ya mtaani naangalia kwanza kama anayetajwa ni yuleyule tunayemtaja kila mara. Mara nyingi ni yeye.

mfagizi_wa_daraja:
Naona mnacheka tu. Mimi nina ya upande wa pili.

Nafagia daraja dogo kila asubuhi, kwa hiyo nalijua kuliko wanaopita na gari. Siku moja nikaona ufa kwenye ukuta wa pembeni. Nikachora mstari kwenye ncha yake kwa penseli ya seremala, nikaandika tarehe. Wiki mbili baadaye ncha imeupita mstari kwa upana wa vidole viwili. Nikachora mwingine. Nikapeleka taarifa panapohusika, nikaambiwa nyufa za plasta ni jambo la kawaida, mama, nenda tu.

Baba yangu alikuwa mwashi. Ukuta akiutilia shaka, alikuwa anabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kwa saruji pande zote mbili. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka. Nikafanya hivyo. Kikapasuka. Safari hiyo nilikwenda na vipande mkononi na tarehe zangu tatu kwenye karatasi. Magari mazito yakazuiwa kupita mpaka daraja likatengenezwa.

Mtaani sasa wanasema mhandisi ndiye aliyegundua. Sawa. Penseli ninayo mimi.

karani_wa_maktaba:
Mama, heshima yako. Wewe ulikuwa na kioo, wengine wanakuwa na mdomo tu. Mwaka 1969 huko Orléans, Ufaransa, mji mzima ulivumisha kwamba wasichana wanatekwa kwenye vyumba vya kujaribia nguo, katika maduka ya Wayahudi. Polisi hawakuwa na taarifa ya msichana hata mmoja aliyepotea. Ungedhani hapo ndipo mwisho. Wapi! Watu wakasema polisi wamehongwa.

msimamizi_wa_kundi:
Nasimamia kundi la mtaa la WhatsApp, kwa hiyo mnayoyasema ndiyo kazi yangu ya kila siku, isiyo na mshahara. Mwaka 2019 waliweka kikomo dunia nzima, ujumbe unaupeleka mbele kwa makundi au watu watano tu kwa mara moja. Aprili 2020 ukiwa umeshazunguka sana ukawa unakwenda kwa mmoja mmoja. Imesaidia kiasi. Lakini kikomo hakizuii mtu kunakili na kubandika, na wa kwetu wamelijua hilo siku ya kwanza.

Nilichofanya mimi: anayeleta habari aanze na neno moja kati ya haya matatu, NIMEONA, NIMEAMBIWA au NADHANI. Akisema NIMEONA, ataje alikuwa amesimama wapi na saa ngapi. Wiki ya kwanza kundi lilinyamaza kama msiba. Mmoja alijaribu "NIMEONA kwa macho ya shemeji".

marehemu_mstaafu:
Hilo la shemeji ndilo lililoniua mimi.

Mwanzisha mada:
Asanteni, nimecheka na nimejifunza. Mama wa daraja, hiyo ya kioo naondoka nayo.

Jana nilirudi kwa kinyozi makusudi ninyooshe habari. Nikamwambia hapakuwa na majambazi, ni mtu kafungiwa nje, ngazi moja. Kazima mashine, kanigeuzia kiti, kaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, wewe hukuwepo. Tulia nikusimulie."