Kwa nini kugawanya kwa sehemu huongeza jibu?

Muulizaji: Ndugu zangu, mwanangu wa darasa la tano anajua kugeuza sehemu ya pili na kuzidisha, lakini aliponiuliza kwa nini 3 ÷ 1/4 ni 12, ilhali kugawanya hupunguza, nilikosa la kumjibu.

Jibu la kwanza: Usianze na kanuni. Mpe lita 3 za maziwa na kikombe cha robo lita, ahesabu vikombe vitakavyojaa: kila lita hujaza vikombe 4, hivyo lita 3 hujaza 12. Hapa kugawanya ni kuuliza kipimo kidogo kinaingia mara ngapi katika kikubwa.

Jibu la pili: Mfano wa maziwa ni mzuri, ila utamlemea atakapokutana na 3/4 ÷ 2/3. Mimi huwafundisha wanafunzi kwanza kusawazisha asili (namba za chini za sehemu), yaani 9/12 ÷ 8/12. Kwa kuwa vipande sasa vina ukubwa mmoja, hubaki 9 ÷ 8, ambayo ni 1 1/8, sawasawa na 3/4 × 3/2.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe ndiyo maana jana mwanangu alipata 8/9 katika swali hilo hilo la 3/4 ÷ 2/3: aligeuza sehemu ya kwanza badala ya ya pili.