Kuoanisha vipimo vya matofali, madirisha na milango: hesabu ipi itumike?

Mchora Ramani:
Ndugu mafundi na wasanifu, naomba msaada. Ninachora nyumba ya vyumba vitatu itakayojengwa kwa matofali ya saruji yenye urefu wa milimita 390 na kimo cha 190, pamoja na nusu tofali la 190, na kiungio (saruji kati ya matofali) cha milimita 10. Vipande vya ukuta vilivyo kati ya madirisha nimevipa 1,000 na 1,300. Fundi ameitazama michoro na kusema kwamba atalazimika kukata tofali karibu kila mahali. Je, ipo kanuni ya kunizuia nisifanye hivyo tangu mezani? Na je, nikiagiza tofali la ukubwa mwingine, tatizo litakwisha?

Msanifu wa Pwani:
Usihesabu tofali peke yake. Lihesabu pamoja na kiungio chake, yaani 400 kwa tofali zima na 200 kwa nusu. Viwango vya ISO vinatumia milimita 100 kuwa moduli ya msingi, inayoandikwa M, kwa hiyo tofali lako ni 4M na nusu yake ni 2M. Penye utata ni ncha za ukuta. Kipande kilicho kati ya madirisha mawili kina viungio pungufu kwa kimoja kuliko matofali yake, hivyo urefu wake ni kigawe cha 200 ukitoa 10. Uwazi wa dirisha ni kigawe cha 200 ukiongeza 10. Kwa hiyo 1,000 yako iwe 990, na 1,300 iwe 1,190 au 1,390. Dirisha la 1,200 litaingia katika uwazi wa 1,210, likibakiwa na milimita 5 kila upande.

Kwenda juu, kila kozi, yaani safu moja ya matofali, ni 200. Mlango wa 2,100 unaonekana kudai kozi kumi na nusu, lakini ukijumlisha sakafu ya milimita 50 juu ya zege na kichwa cha fremu cha milimita 50, unafika 2,200, ambazo ni kozi 11 kamili chini ya linta, yaani boriti iliyo juu ya mlango.

Mwalimu wa Hisabati:
Kuhusu ukubwa mwingine: 4 na 2 zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo hata ukipanga namna gani hutapata 13M. Ukiongeza tofali la 3M, yaani la milimita 290, hali inabadilika, kwa sababu 4 na 3 hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1. Namba mbili za namna hiyo, a na b, zikijumlishwa kwa kurudiwarudiwa, hutoa kila namba nzima kuanzia (a−1)(b−1), ambayo hapa ni 6. 5M haipatikani kwa hizo mbili, lakini 13M ni 4+3+3+3. Hata hivyo, hesabu hii inajaza kozi moja tu, wala haihakikishi kwamba viungio vya wima vya kozi ya juu havitaangukia juu ya vile vya chini. Kwa nyumba moja mimi ningesogeza madirisha kuliko kununua ukubwa wa tatu.

Fundi Mwashi:
Waliotangulia wamesema vizuri, ila tofali la 390 la kwenye karatasi huenda lisiwe 390 pale kiwandani. Kama makosa yangekuwa ya kubahatisha, kila moja likiwa la takribani milimita 3, jumla ya matofali 15 ingepotoka kwa takribani 3 mara kipeuo cha pili cha 15, yaani kama milimita 12. Lakini matofali ya kalibu moja hukosea upande mmoja, na hapo milimita 3 mara 15 ni 45 kamili. Panga matofali kumi yaliyogusana bila saruji, pima urefu wote, gawanya kwa kumi. Ukipata 393, kiungio kiwe 7 ili ubaki kwenye 400, na ukipata zaidi ya 395 mrudishie muuzaji kabla hujachimba msingi.

Mchora Ramani:
Nashukuru. Vipande vyote sasa ni 990 na 1,190, na dirisha la jikoni nimelisogeza kwa milimita 110 kuelekea kona.