Miaka 20 ya Spika Pandu Ameir Kificho: tumpime kwa kipi?

Mwanafunzi wa Mlandege
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandaa insha kuhusu Mheshimiwa Pandu Ameir Kificho, aliyekalia kiti cha Spika wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar tangu 1995 hadi nafasi hiyo ilipochukuliwa na Mheshimiwa Zubeir Ali Maulid mwaka 2016. Alifanya kazi chini ya marais watatu: Salmin Amour, Amani Karume na Ali Mohamed Shein. Kinachonitatiza ni kwamba kila ninayemuuliza hunisimulia habari za marais hao na za Maalim Seif, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, na Spika akatajwa kwa kupita tu. Je, mtu wa namna hii tunampima kwa kipi?

Barza ya Jioni
Waalaykum salaam. Anza na hesabu ya viti. Mwaka 1995 CCM ilipata majimbo 26 na CUF 24, na Salmin akatangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2. CUF haikuyatambua matokeo, wawakilishi wake wakasusia vikao, kwa hiyo Spika mpya alianza kazi akiwa na karibu nusu ya viti vya majimbo vitupu mbele yake. Muafaka wa 1999, yaani makubaliano ya CCM na CUF, ulipoleta nafuu kidogo, uchaguzi wa 2000 ukaturudisha kule kule. Safari hii wasusiaji walivuliwa viti kwa kutohudhuria mikutano, ndipo Pemba ikapiga kura za chaguzi ndogo Mei 2003. Kanuni zilifuatwa, sikatai, lakini Spika anayesimamia kanuni katika ukumbi usio na upinzani hajatiwa kwenye mizani bado. Kwangu mimi, miaka ile haimpandishi wala haimshushi.

Mzee wa Hoja Binafsi
Mwenzangu hapo juu amesimama njiani. Mizani ilikuja Januari 2010, pale Mheshimiwa Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani, alipowasilisha hoja binafsi ya kuunga mkono maridhiano ya Karume na Maalim Seif. Sisi tulikuwa tumeizunguka redio, kahawa imepoa vikombeni. Katika Baraza letu kura huamuliwa kwa maneno yasiyo na mbwembwe: wanaokubali wanyooshe mikono, wanaokataa, waliokubali wameshinda. Kificho aliyatamka kwa sauti ile ile kavu, iwe ni bajeti ya wizara au jambo la kugeuza nchi, na nakiri kwamba zamani sauti hiyo ilinichosha. Siku ile niliiona faida yake, kwani Spika mwenye jazba angeweza kuiharibu shughuli. Julai 31 wananchi wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, na Katiba ikarekebishwa.

Baada ya hapo vyama vyote viwili vikawa serikalini, hivyo kazi ya kuwabana mawaziri ikaangukia wawakilishi wa viti vya nyuma, wa CCM kwa wa CUF, pamoja na kamati teule. Kificho angeweza kuwazima kwa kisingizio cha muda; mara nyingi aliwaacha waseme. Insha yako iende huko.

Mkaazi wa Dodoma
Msiisahau Februari 2014, alipochaguliwa Mwenyekiti wa muda wa Bunge Maalum la Katiba, lililojadili rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania. Alikabidhiwa wajumbe zaidi ya 600 wasio na kanuni hata moja, wengine wakilalamika kwamba posho ya shilingi 300,000 kwa siku haitoshi. Wiki zile zilikwenda katika kuandika kanuni, na mvutano mkubwa ukawa kama kura iwe ya siri au ya wazi. Alivumilia kelele nyingi mno, na wapo waliouita uvumilivu ule udhaifu. Jambo la kura liliwekwa kiporo, kisha Machi akamwachia kiti Samuel Sitta, Mwenyekiti wa kudumu. Mimi nadhani hapo ndipo upole wake ulipomgharimu: mgogoro ulioahirishwa ulihamia kwa mwenzake ukiwa umeiva.

Mwanafunzi wa Mlandege
Ahsanteni sana. Nitaanzia na viti vitupu vya 1995, Dodoma nitaigusa kwa ufupi, na sehemu kubwa nitaipa 2010 hadi 2015. Jumatatu inshallah nakwenda Chukwani, yalipo majengo ya Baraza, kuulizia Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) za kipindi hicho, nihesabu mwenyewe ni mara ngapi aliwakatisha wawakilishi walipokuwa wakimbana waziri.